Lori la Sega: hesabu ya sarafu si hesabu ya diski

Bidhaa inayofaa katika soko moja yaweza kulalamikiwa katika soko jingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa 18 Wheeler: American Pro Trucker, mchezo wa video wa kuendesha lori ambao kampuni ya Sega ya Japani iliuingiza katika kumbi za michezo katika kipindi cha 1999/2000.

Ukumbini, mchezaji hutia sarafu, hukaa nyuma ya usukani mkubwa wa lori na kusafirisha shehena kuvuka Marekani, kutoka New York kuelekea San Francisco. Tela lenye mzigo mzito hulipa zaidi, lakini hupunguza mwendo. Muda ukimwishia njiani, sharti atie sarafu nyingine au ampishe mwenzake.

Kwa mwenye ukumbi, ufupi huo ndio mapato. Mashine ni ghali na hukalia nafasi kubwa. Kila dakika inayomweka mteja mmoja kitini kwa malipo yaleyale ni dakika ya hasara.

Sega ilikuwa na sababu nzuri ya kuupeleka mchezo huo majumbani. Mtambo wake wa kumbini, NAOMI, ulijengwa kwa msingi mmoja na Dreamcast, mashine yake ya nyumbani, ila ulikuwa na kumbukumbu kubwa zaidi. Hivyo kuuhamisha mchezo hakukuhitaji kuanza upya.

Tatizo lilikuwa upande wa mnunuzi. Anayenunua diski hulipa mara moja, kisha hutaka burudani ya wiki nyingi. Usukani mkubwa na kiti vilibaki ukumbini, na safari yenyewe ilikwisha mapema. Nafasi ya watu wawili kushindana iliongezwa, lakini wahakiki bado waliulalamikia ufupi wake.

Wakati nao haukusaidia. Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kutengeneza Dreamcast, ikabaki kuuza michezo kwa mashine za wengine. Kufikia mwaka 2002 lori hilo lilikuwa limeingia katika PlayStation 2 ya Sony na GameCube ya Nintendo, ambazo zamani zilihesabiwa wapinzani, chini ya uchapishaji wa Acclaim.

Funzo kwa mfanyabiashara ni kwamba gharama ndogo ya kuhamisha bidhaa haitoshi kuwa sababu ya kuihamisha. Kwanza ajue mteja wa soko jipya analipia nini: dakika chache za msisimko, au kitu cha kukaa nacho.