Kutoka Kafuro hadi Newport

Mwaka 1876 Henry Stanley alifika Karagwe. Huko Kafuro alikaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu, Hamed Ibrahim, kisha akaonana na Mfalme Rumanika. Miongoni mwa walioigharimia safari hiyo ni James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald.

Tajiri huyohuyo ndiye aliyejenga Newport Casino, klabu iliyofunguliwa mwaka 1880 katika mji wa pwani nchini Marekani. Mwaka 1881, mashindano ya kwanza ya tenisi ya taifa yalichezwa kwenye nyasi zake. Mwaka 1915 yalihamishiwa New York. Newport ikabaki na mashindano ya waalikwa, yaliyokoma 1967.

Misafara ya Kafuro nayo ilikoma. Fahari za matajiri hupita. Ukarimu wa Hamed ungali kitabuni mwa mgeni wake.