Ulinzi wa Ndege Huanzia Ardhini

Mkulima wa Mpui, mwenye mashamba yake ya mahindi na maharage katika uwanda wa juu wa Ufipa, aweza kutuuliza: habari za makombora ya kuangusha ndege zanihusu nini? Jibu letu ni fupi. Jeshi la Wananchi ni la wana wa wakulima na wafanyakazi, na vijana wa Rukwa wamo kama wa mikoa mingine. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Kongo, ambako askari wetu walitumwa mwaka 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kulinda raia. Askari aendaye mbali hupakiwa ndegeni. Basi usalama wa ndege hiyo ni jambo la mzazi wa Mpui sawasawa na la jemadari.

Ndege ya kuchukulia askari ni kubwa na nzito, wala haina wepesi wa ndege ya kupigana. Ikiwa juu sana, kombora la begani haliifikii. Hatari yake imo katika dakika chache za kutua na kuruka, iwapo karibu na ardhi na injini zake zatoa joto jingi. Kombora aina ya Strela-2, pamoja na bomba lake la kurushia, lina uzito wa kilo 15 hivi. Mtu mmoja hulibeba, akajificha kichakani, akalenga ndege iliyo umbali wa kilometa 3. Nalo hulifuata joto la injini. Goliathi naye aliangushwa na kijana aliyechukua kombeo.

Hayo yametokea karibu nasi. Mwezi wa Machi 2007, askari wa Uganda walipokuwa wa kwanza kuingia Mogadishu kwa niaba ya Umoja wa Afrika, ndege aina ya Ilyushin-76 iliyowachukua ilishika moto ilipokuwa ikitua. Siku 14 baadaye, tarehe 23 Machi, nyingine ya aina hiyo hiyo ilitunguliwa mara baada ya kuruka, na watu wote 11 waliokuwamo, raia wa Belarusi, wakafa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuwa ilipigwa kwa kombora la SA-18.

Sisi wenyewe twalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Tarehe 7 Aprili 1979, majeshi yetu yalipouteka Entebbe, ndege ya Libya aina ya C-130 ilijaribu kuruka na askari waliokuwa wakikimbia. Haikupigwa kwa kombora lifuatalo joto, bali kwa roketi ya begani tu, ikateketea. Aliyeushika uwanja ndiye aliyeishika ndege.

Wako wasemao kuwa dawa ni kununua mitambo. Hatuikatai. Ipo mioto irushwayo na ndege ili kulihadaa kombora, na rubani hodari hushuka kwa kuzunguka juu ya uwanja badala ya kuja moja kwa moja kutoka mbali. Lakini mioto hiyo huzimika upesi, na makombora mapya hayadanganyiki kwa urahisi. Tena mtambo haujui ni nani aliyelala kichakani. Anayejua ni mwanakijiji aishiye kando ya uwanja, naye hatasema ikiwa askari wamemdhulumu au wamempuuza.

Tazameni Goma. Mji huo ulipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, na uwanja wake wa ndege ukafungwa, askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania waliotumwa na SADC walikosa njia ya angani. Walipoanza kuondoka mwishoni mwa Aprili, walipita barabarani katika nchi ya Rwanda hadi Tanzania. Ardhi ikipotea, anga nayo imepotea.

Kwa hiyo yatupasa kudai mambo matatu. Kwanza, vijana wetu wasipelekwe katika uwanja ambao viunga vyake havijashikwa na watu wa kuaminiwa. Pili, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo hutaja pia silaha za kutungulia ndege, itimizwe kwa vitendo: kila kombora lihesabiwe na kila ghala lilindwe, maana litokalo ghalani usiku halina tena bendera. Tatu, wazazi waambiwe ukweli. Siri za vita na zitunzwe, lakini hatari waipatayo wana wetu si siri ya kumficha aliyewazaa.

Nasi tulio mipakani tuna kazi yetu. Silaha ibebwayo na mtu mmoja hupita kwa mtumbwi au chini ya magunia ya nafaka. Mwanachama au mfanyakazi wa bandarini Kasanga atoaye habari mapema huenda akaokoa ndege nzima asiyoiona kamwe. Usiziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa maisha ya watu.