Tepu ya Nembo ya Gari Haishiki Kigezo

"Mwalimu, tepu ya pande mbili yenye gundi kali kuliko zote ni ipi?" Wiki hii nimeulizwa mara nne. Nikijibu kwamba swali lenyewe limekaa vibaya, muulizaji anachomoa mfukoni tepu nene ya sponji, ile ya kubandikia nembo za magari na vioo vya bafuni, na kunitolea ushahidi: gari linakwenda Mbeya na kurudi, nembo haing'oki.

Haing'oki, sawa. Lakini nani amewahi kupitisha ruta ya kuchongea mbao kwenye nembo ya gari?

Kigezo cha plaiwudi ulichokibandika juu ya mguu wa kiti kinasukumwa ubavuni na beringi, huku biti yenye makali mawili, kwa mizunguko 20,000 kwa dakika, ikiupiga mguu huo mara 40,000 katika dakika hiyo hiyo. Hapo huhitaji kitu kinachonata tu, unahitaji kitu kisichocheza. Na sponji imetengenezwa ili icheze! Bodi ya gari ikipigwa na jua hutanuka kivyake, plastiki ya nembo kivyake, na sponji iliyo katikati inanyumbuka ili gundi isiachie. Unene wake ni kama milimita moja, na milimita hiyo nzima inayumba. Ukisukuma ruta, kigezo kinasogea. Ukilegeza mkono, kinarudi. Mstari unatoka na mawimbi, fundi anailaumu biti, anakwenda kununua nyingine, na mawimbi yanarudi palepale. Siku kigezo kikisogea zaidi, biti inang'ata mbao na kuirusha, na vidole vyako havikuwa mbali.

Halafu kuna muda. Tepu za sponji zilizo bora huchukua kama siku tatu kufikia nguvu yake kamili. Wewe unaibandika na kuwasha mashine baada ya dakika mbili, ingali dhaifu. Kazi inalala hadi keshokutwa, ndipo unaibandua, sasa ina nguvu kwelikweli. Nimeona uso wa meza ya mninga ukinyofoka na nyuzi zake namna hiyo. Mwenye meza alikuwa ameshalipa.

Wanaonichosha zaidi ni wanaotandaza tepu kigezo kizima, pembe hadi pembe, "kwa usalama", juu ya mbao iliyotoka kupigwa msasa na haijafutwa. Tepu ya namna hii haingoji kukauka kama gundi ya chupa; inashika kwa kukandamizwa. Ukiibandika juu ya vumbi imeshika vumbi, na vumbi halijashika kitu. Kufunika eneo kubwa hakutakusaidia.

Basi chukua tepu nyembamba yenye kitambaa ndani, ile ya kubandikia zulia. Futa vumbi kwenye kigezo na kwenye mbao. Mtiki una mafuta, upanguse kwa spiriti kwanza. Kwa kigezo cha ukubwa wa sahani, weka vipande vitatu au vinne vya urefu wa kidole, bana kwa klampu sekunde kumi, kisha fungua na ufanye kazi. Ukimaliza, ingiza kabari ya mbao polepole, usivute kwa nguvu. Usiache kazi juani ikiwa imebandikwa, kwani gundi hulainika. Huna tepu hiyo? Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi kwenye kigezo na kwenye mbao, tia supaglu kati ya migongo ya tepu hizo mbili, kandamiza. Haichezi, na inabanduka safi.

Jigi unayoibana kwa klampu badala ya tepu nayo huteleza: itie msasa namba 120 kwa chini, mbali na uso uliokwisha kupigwa vanishi, maana utauchuna. Juu ya meza ya chuma msasa hauna cha kung'ata. Hapo weka mpira wa tyubu, lakini uoshe kwa sabuni kwanza, kwa sababu tyubu hupakwa poda ili isigandane na tairi, nanyi mnaibandika na poda yake kisha mnashangaa inateleza. Kandambili kuukuu inafaa chini ya kibao cha kusukumia mbao kwenye msumeno, mradi uipanguse vumbi kila mara. Na tukirudi kwenye kigezo, kama upande wa chini wa kazi hautaonekana, kifunge hapo kwa skrubu mbili, tepu iache dukani.