Vipaza Sauti Vizima, Programu Mgonjwa: Mashaka ya Kampuni ya Sonos

Redio inapokatika sauti katika nyumba zetu, twaipeleka kwa fundi. Yeye huifungua kwa bisibisi, akautafuta waya uliokatika, akautia lehemu, na jioni taarifa ya habari ikasikika tena. Lakini mwezi wa Mei 2024 watu wengi wa Marekani na Ulaya walijikuta na vipaza sauti vya bei ghali, vizima, visivyokatika hata waya mmoja, na hata hivyo hapakuwa na fundi ambaye angaliweza kuwasaidia. Vyombo hivyo ni vya kampuni ya Sonos. Tumeona vema leo tuitazame kampuni hiyo, kwa maana mkasa wake wamhusu kila atengenezaye vyombo vya sauti katika zama hizi.

Sonos ilianzishwa mwaka 2002 mjini Santa Barbara, katika jimbo la California, na John MacFarlane pamoja na wenzake watatu. Shabaha yao ilikuwa muziki usikike katika vyumba vyote vya nyumba bila kutandaza nyaya, kila spika ikienda sawa na mwenzake. Vyombo vya kwanza viliuzwa mwaka 2005, na mwaka 2018 kampuni ikaingia katika soko la hisa. Ilipofunga hesabu zake za mwaka 2024, bidhaa zake zilikuwa katika nyumba zaidi ya milioni 16, na kila nyumba kwa wastani ilikuwa na bidhaa tatu.

Katika wastani huo ndimo imo siri ya biashara yenyewe. Anunuaye spika ya sebuleni hurudi kununua ya jikoni, kisha ya chumba cha kulala. Mteja wa zamani aliyeridhika ndiye shamba la kampuni. Akikasirika, hasara huwa maradufu: yeye harudi, na jirani yake humwonya asithubutu.

Tarehe 7 Mei 2024 kampuni iliibadili programu ya simu inayoviongoza vyombo hivyo, na ile mpya ikatolewa kabla haijaiva. Saa ya kuamsha haikuwamo, wala namna ya kupanga muziki uzimike mtu akisha lala. Wasioona, ambao husomewa na simu zao, waliona kama wamefungiwa mlango. Wengine walitafuta spika iliyo mbele ya macho yao, simu ikadai haipo. Mwezi wa Julai mkurugenzi mkuu, Patrick Spence, aliomba radhi. Mwezi wa Agosti alitangaza kwamba matengenezo yangegharimu kati ya dola milioni 20 na milioni 30, bidhaa mbili mpya zikaahirishwa, na wafanyakazi wapatao 100 wakaachishwa kazi. Januari 2025 yeye mwenyewe aliondoka, Tom Conrad akashika mahali pake, na Februari wafanyakazi wengine kama 200 wakapunguzwa. Mapato, yaliyokuwa dola milioni 1,655 mwaka 2023, yalishuka hadi milioni 1,518 mwaka 2024, na mwaka 2025 yakashuka tena.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kampuni hii ilikwisha umwa mapema mwaka 2020, ilipotangaza kwamba vyombo vyake vya zamani havitapata tena marekebisho ya programu. Wateja wakapiga kelele, na Spence huyo huyo akaomba radhi. Twastaajabu kwamba miaka minne baadaye haikushtuka.

Mashaka mengine hayana budi kutajwa. Karibu asilimia 40 ya mapato ya mwaka hupatikana katika miezi ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo msimu mmoja mbaya wa sikukuu huharibu mwaka mzima. Bidhaa zinazouzwa Marekani huundwa zaidi Vietnam na Malaysia, na Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa nchi ya kwanza na 24 kwa ya pili. Baadaye mwaka ule viwango vikashushwa hadi 20 na 19. Biashara gani itapanga bei katika hali hiyo? Tena Google, Amazon na Apple huuza spika zao, nao ndio wenye huduma za muziki ambazo Sonos yazihitaji. Kesi yake na Google juu ya hataza ilianza mwaka 2020. Baraza la mahakama likaipa dola milioni 32.5 mwaka 2023, jaji akaitengua tuzo hiyo mwaka ule ule, na Agosti 2025 mahakama ya rufani ikamkatalia jaji.

Hata hivyo sisi hatuamini kwamba nyumba milioni 16 ni kitu cha kupotea kwa siku moja. Vyombo ni vizuri, na wenyewe wangependa kuvitumia. Hofu yetu iko penginepo. Spika hulipiwa mara moja, nayo yaweza kudumu miaka kumi, na katika miaka yote hiyo wahandisi lazima walipwe mishahara ili programu yake isife. Nani atakayelipa? Mpaka sasa jibu limekuwa mnunuzi wa spika inayofuata. Huenda siku moja kampuni ikajaribu kutoza ada ya kila mwezi, lakini mtu aliyenyimwa saa ya kuamsha aliyokwisha inunua hatakuwa mwepesi kufungua mfuko. Kwa hiyo, hesabu zao zijazo zitakapotoka, tutaanza kwa kutazama ule wastani wa bidhaa tatu kwa kila nyumba, kama umepanda au umesimama pale pale.