Posa Chini ya Mtaa wa Howard

Kila Desemba watu zaidi ya 20,000 wanaochunguza ardhi, bahari, anga na sayari nyingine hukusanyika kwa siku tano katika mji mmoja wa Marekani. Kwa miongo mingi mji huo ulikuwa San Francisco, na mahali ni Moscone Center, jengo lenye jina la meya George Moscone aliyeuawa kwa risasi mwaka 1978. Kumbi zake kubwa zimechimbwa chini ya ardhi, pande mbili za Mtaa wa Howard, na wanajiolojia hawajawahi kulalamika kwa hilo. Mwenye shughuli ni Umoja wa Jiofizikia wa Marekani, AGU, ulioanzishwa mwaka 1919. Moscone ilipokuwa ikikarabatiwa, kabila zima lilihamia New Orleans mwaka 2017 na Washington mwaka 2018, kisha likarudi mwaka 2019.

Nasema kabila kwa makusudi. Wana mavazi yao, ukoo wao, heshima kwa wazee wao, na wana miiko. Mwiko mkubwa kuliko yote ni huu: anayetafuta kazi hasemi kwamba anatafuta kazi.

Ukitaka kumtambua, mtazame miguuni na shingoni. Mwanajiolojia aliyekwisha kupata ajira ya kudumu huja na buti za kupandia milima, shati la mirabamiraba na jaketi lililopauka. Ni sare isiyoandikwa popote, ya kuwajulisha watu kwamba huyu amelala porini. Kijana aliyepiga suti na viatu vinavyong'aa ama ametumwa na wizara ama ana usaili, na wenyeji humwonea huruma kidogo. Kisha kuna beji. Macho ya mtu unayekutana naye hushuka kifuani pako kabla hayajapanda usoni, yakitafuta jina la taasisi. Likiwa la chuo kikubwa, tabasamu hudumu. Likiwa geni, macho huanza kupekua nyuma ya bega lako kuona nani mwingine anapita. Kila mtu huilaani tabia hii, na kila mtu anayo.

Maonyesho rasmi ni mengi mno kwa mtu mmoja. Kila kikao hupewa alama ya herufi na tarakimu: T kwa miamba inayosukumana, V kwa volkano, S kwa matetemeko, kisha siku na saa. NASA huweka skrini kubwa kama ukuta na kugawa kalenda, na foleni ya kalenda hizo ina maprofesa ndani yake. Kona ya ajira nayo ipo. Kampuni na idara za serikali huitumia, ila nafasi za utafiti vyuoni mara nyingi huwa zimeanza kuzungumzwa kwingine.

Kwingine huko ni kwenye mabango. Muhtasari wa utafiti hutumwa katikati ya mwaka, kwa hiyo kijana huahidi Julai matokeo atakayoyapata Novemba, akijaliwa. Desemba ikifika hubeba bango lake lenye upana wa zaidi ya mita moja na nusu, limekunjwa ndani ya mkebe mrefu ambao wahudumu wa ndege wameshauzoea. Hulibandika kwenye ubao wenye namba na kusimama mbele yake nusu siku, kati ya mamia ya wenzake waliosimama vilevile. Wengi wa wapitao husoma kichwa cha habari bila kupunguza mwendo. Mmoja atasimama kuuliza swali, kumbe anataka kueleza utafiti wake mwenyewe. Halafu, jioni inapokaribia, atakuja aliyekuwa akisubiriwa, beji imegeuka, mikono nyuma.

"Haya, nieleze."

Kijana ana dakika mbili. Mgeni atagusa mchoro mmoja, atauliza kuhusu kipimo kimoja, kisha litakuja swali lisilohusu mwamba wowote: "Unamaliza lini?" Hapo ndipo mazungumzo yenyewe yameanza. Jibu la adabu ni "Mwezi wa tano," na kunyamaza. Haongezi kwamba kodi ya nyumba inaisha, wala kwamba ameomba nafasi nyingi bila kujibiwa. Mgeni naye, kwa adabu hiyohiyo, atataja kana kwamba kwa bahati tu kwamba mradi wake umepata fedha, au kwamba idara yao inafikiria kuongeza mtu. Hakuna ombi wala ahadi, na wote wawili wameelewa.

Mswahili hawezi kupotea hapa. Kijana wa heshima haendi mwenyewe kubisha hodi kuposa. Mshenga hutangulia, husema kwa mafumbo, hupima upepo, na posa ikikataliwa aibu haimwangukii mwenye haja. Mshenga wa AGU ni profesa msimamizi. Kazi yake wiki ile ni kutembea ukumbini na mwanafunzi wake hadi kwa mtu waliyesoma naye, na kusema, "Huyu ndiye niliyekuambia." Sentensi hiyo ina uzito zaidi kuliko wasifu wa kurasa nne. Lakini ushenga haufundishwi, na wapo mabingwa wa sayansi wasiojua hata kuanza. Wengine wana maadui, na posa ya kijana hukataliwa kwa ugomvi uliotokea kabla hajazaliwa. Wengine huja kunywa na wenzao tu, na mwanafunzi hubaki na bango lake.

Kunywa kwenyewe ni desturi. Kwa miaka mingi, saa tisa na nusu alasiri, bia imekuwa ikimiminwa bure palepale kwenye mabango, na ndimi hulegea. Usiku vyuo vikubwa hufanya tafrija katika hoteli za jirani, ambako wanafunzi wa zamani hukutana kama ukoo na kuulizana nani kamfundisha nani. Muislamu kutoka Tanga au Mombasa anaweza kushika maji yake na kusikiliza, na hakuna atakayemsumbua. Tatizo ni kwamba saa zenye faida ndizo hizo.

Mwaka 2020 ulituonyesha kipi ni kiini na kipi ni ganda. Mkutano wote ulifanyika mtandaoni. Mawasilisho yalikuwepo, mabango yalikuwepo, na mtu wa Dodoma angeweza kuyaona bila viza. Kilichokosekana ni mshenga na ukumbi wa kupita. Sayansi ilisambaa, posa zikakwama.

Viza ilirudi pamoja na kumbi. Ombi la viza ya kutembelea Marekani hugharimu dola 185, zisizorudishwa hata ukinyimwa. Kuna ada ya mkutano, kuna hoteli. Ruzuku za safari zipo, na huwasaidia wachache kufika. Wakishafika hukuta vikao vya Bonde la Ufa vimejaa. Kule Ziwa Natron, Tanzania, mwaka 2007, magma ilipasua miamba karibu na mlima Gelai, ardhi ikatetemeka kwa wiki kadhaa, na volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka kwa nguvu. Tukio hilo limezaa makala nyingi na, bila shaka, ajira. Kijana aliyesomea jiolojia Dar es Salaam anaweza kulijua bonde lile kwa miguu yake, akasimama nyuma ya ukumbi bila mtu wa kumtambulisha kwa yeyote, beji yake ikisomwa na kupitwa.

Sioni kwamba dawa ni kumfundisha kijana huyo kujinadi. Kujinadi ndiko kabila hili linakokuchukia. Wapo ukumbini wazee wengi wa Marekani na Ulaya waliojenga majina yao kwa mawe ya Natron. Vijana wa Kimasai waliwabebea vyombo, madereva wa Arusha waliwakwamua kwenye majivu, na wataalamu wa Kitanzania waliwatafutia vibali. Ushenga wanaudaiwa. Saa moja ya kutembea na mgeni mmoja, kutoka safu ya T hadi safu ya V, ingetosha kuanza kulipa.