Siku 38 baharini: familia iliyozamishiwa boti na nyangumi ilipata wapi maji ya kunywa?

Mtu anaweza kufa kwa kiu akiwa amezungukwa na maji pande zote. Kwa msikilizaji aliyekulia bara, mbali na pwani, huenda hilo likawa gumu kuamini. Kisa cha familia ya Robertson kutoka Uingereza kinasaidia kulieleza.

Dougal Robertson alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kabla ya kushika jembe alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mkewe Lyn alikuwa nesi. Walikuwa na watoto wanne: Anne, Douglas, na mapacha wawili, Neil na Sandy. Safari yao ilianza na redio. Jumapili moja, mwishoni mwa miaka ya 1960, familia ilisikia habari za mashindano ya kuzunguka dunia kwa boti za matanga. Neil, aliyekuwa bado mdogo, akauliza kwa nini wao nao wasiende, maana baba yao ni baharia.

Wazazi wengi wangecheka na kubadilisha mazungumzo. Hawa waliuza shamba. Kwa fedha walizopata walinunua Lucette, boti ya mbao ya matanga yenye urefu wa meta 13 hivi, ambayo tayari ilikuwa na umri wa karibu miaka 50. Waliondoka bandari ya Falmouth Januari 27, 1971. Kwa zaidi ya mwaka mmoja boti hiyo ilikuwa ndiyo nyumba: wanapika humo, wanalala humo, watoto wanafanya kazi za baharia. Anne alishuka njiani, katika visiwa vya Bahamas. Panama walimchukua kijana mmoja mwanafunzi aliyetaka kusafiri nao, hivyo wakawa tena watu sita.

Asubuhi ya Juni 15, 1972, wakiwa Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 magharibi ya visiwa vya Galápagos, boti iligongwa kutoka chini. Walikuwa nyangumi wauaji. Kwa kweli viumbe hao ni jamaa wa pomboo, ila ni wakubwa zaidi, na huwinda kwa kundi. Mbao zilipasuka, na katika dakika chache Lucette ikawa imezama.

Watu wote sita walitoka. Walikuwa na chelezo cha mpira kinachojazwa upepo na mashua ndogo ya makasia yenye urefu wa meta tatu, iliyoitwa Ednamair. Kisu cha jikoni na kikapu cha Lyn cha kushonea viliokolewa, na vitunguu, machungwa na malimau kadhaa viliokotwa vikielea. Akiba ya maji ilikuwa kama lita 10. Gawanya kwa watu sita, chini ya jua la ikweta, uone ni siku ngapi.

Kwa nini wasinywe maji ya bahari?

Wengi wenu mnajua kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, yaani kama vijiko sita vya chai.

Chumvi iliyozidi mwilini haina budi kutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Lakini figo za binadamu zina kikomo. Haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama ya bahari. Ukinywa lita moja ya maji ya bahari, mwili utahitaji zaidi ya lita moja kuitoa chumvi yake. Kiasi kinachopungua kinachotwa kwenye mwili wenyewe, na kiu inazidi. Ndiyo sababu pia mnaonywa msizidishe chumvi katika maji ya mtoto anayeharisha.

Dougal alilijua hilo, na akachukua uamuzi ambao nadhani ndio uliowaokoa. Kurudi Galápagos kulikuwa kama kupanda mto, kwani upepo na mkondo viliwasukuma mbali nako. Visiwa vilivyokuwa mbele yao vilikuwa mbali mno. Basi aliamua kuifuata mvua badala ya nchi kavu. Kaskazini ya ikweta kuna ukanda wa shwari, mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hewa ikapanda na mawingu yakafunga. Ukanda huohuo unapopita juu ya Afrika Mashariki, kwenda na kurudi, huhusishwa na masika na vuli zetu. Waliisimamisha tanga ya kuungaunga kwenye mashua, wakakivuta chelezo nyuma, wakaelekea huko.

Siku ya saba ilipita meli. Walirusha fataki za ishara, lakini meli ikaendelea na safari yake. Tangu hapo Dougal aliwaambia wasitegemee tena kuokolewa. Kazi yao ni kuishi na kufika nchi kavu wenyewe.

Mvua waliipata, ingawa si kila siku. Waliikinga kwa turubai la chelezo, na maji yakaja na ladha ya mpira. Chakula kilikuwa samaki wanaoruka walioangukia ndani, fulusi, na zaidi ya yote kasa. Nyama ya kasa waliikausha juani. Mvua ilipokosekana walikunywa damu yake. Kasa ana tezi karibu na macho zinazotoa chumvi kama machozi, kwa hiyo damu yake haina chumvi kali kama bahari anayoishi.

Unesi wa Lyn nao ulisaidia. Chini ya mashua yalibaki maji ya mvua yaliyochanganyika na damu na mabaki ya kasa, ambayo yangemtapisha yeyote. Lyn aliyapitisha kwa mrija kupitia njia ya haja kubwa, maana utumbo mpana hufyonza maji bila kujali ladha. Tafadhali, yalikuwa maji ya mvua. Maji ya bahari kwa njia hiyo yangeleta madhara yaleyale ya chumvi.

Chelezo kiliharibika baada ya siku 16. Wote sita wakahamia kwenye Ednamair, meta tatu tu, ukingo ukiwa karibu sana na maji. Mtu hakuweza kugeuka bila kuwaambia wenzake, na usiku kucha lazima mmoja akae macho kumwaga maji yaliyoingia. Ngozi zao zilijaa vidonda vya chumvi.

Julai 23, 1972, siku ya 38, meli ya uvuvi ya Kijapani, Toka Maru II, iliyokuwa ikielekea Panama, iliwaona. Kufikia siku hiyo walikuwa na akiba ya nyama kavu na maji kuliko siku waliyozama, na walikuwa wakipanga kuanza kupiga makasia usiku kuelekea pwani ya Amerika ya Kati.

Dougal aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, kisha kingine cha kuwafundisha mabaharia namna ya kuishi baharini wakizamiwa. Mwaka 1982 Mmarekani Steven Callahan alizamiwa na boti yake katika Atlantiki. Alikaa peke yake kwenye chelezo siku 76, na kati ya vitu vichache alivyookoa kilikuwamo kitabu hicho cha pili.