Ajira za migodini: kanuni zinamtaja Mtanzania, si kijiji

Isansa haina mgodi mkubwa. Wakazi wa kata hii ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi huishi kwa kilimo, na uchimbaji mkubwa wa madini unaosikika mkoani uko ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Songwe. Huko ndiko mgodi wa dhahabu wa New Luika ulikoanza uzalishaji mwaka 2012. Ndiko pia uliko mradi wa madini adimu wa Ngualla, ambao makubaliano yake kati ya Serikali na mwekezaji yalitiwa saini Aprili 2023, Serikali ikipata hisa za asilimia 16 katika kampuni ya ubia ya Mamba Minerals. Vijana wa Isansa wana haki ya kuuliza wao wana sehemu gani katika shughuli hizo.

Jibu hutegemea ni manufaa gani yanayoulizwa. Ushuru wa huduma hulipwa kwa halmashauri ambamo shughuli inafanyika. Wajibu wa kampuni kwa jamii nao una mwelekeo huohuo: kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama kilivyorekebishwa mwaka 2017, kinamtaka mmiliki wa leseni aandae kila mwaka mpango unaokubaliwa na mamlaka ya serikali ya mtaa inayohusika. Darasa au zahanati inayojengwa kupitia mpango huo huwa, kwa kawaida, jirani na mgodi. Kwa mambo hayo mawili, mpaka wa wilaya una maana kubwa, na haifai kumpa mwananchi wa Isansa matumaini yasiyo na msingi.

Ajira haifuati mpaka huo. Kanuni za Madini za Ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 zinawataka wamiliki wa leseni na wakandarasi wao kutoa kipaumbele kwa Watanzania katika ajira na mafunzo. Nafasi za ngazi ya chini na ya kati, zikiwemo za fomeni na msimamizi wa kazi, ni za Watanzania pekee. Neno "mzawa" huleta mkanganyiko hapa. Kijijini, mzawa ni mtoto wa pale. Katika kanuni, kipimo ni uraia wa Tanzania. Kwa hiyo kijana wa Isansa anaomba kazi kwa haki ileile aliyonayo kijana wa Saza, ulipo mgodi. Vilevile, hana haki zaidi ya yule anayetoka Mwanza au Geita akiwa tayari amefanya kazi migodini kwa miaka kadhaa, na ushindani mkubwa uko hapo.

Kwa nafasi zinazoshikiliwa na wageni, kampuni hutakiwa kuwa na mpango wa kurithishana kazi, yaani Mtanzania ajifunze chini ya mtaalamu wa kigeni hadi aweze kuichukua nafasi hiyo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inasisitiza jambo hilo kupitia vibali vya kazi. Kampuni pia huwasilisha Tume ya Madini taarifa ya ajira na mafunzo kila robo mwaka. Hata hivyo, urithishaji hauwezekani pasipo mtu aliyeandaliwa kurithi, na hakuna taarifa inayoweza kumwandaa.

Mfano wa maandalizi ya namna hiyo upo nchini. Mwaka 2009 VETA, kampuni za migodi na chemba yao walianzisha katika Chuo cha VETA Moshi programu ya ufundi wa migodini, ambayo vijana husoma chuoni na kujifunza kazi mgodini. Fani zinazohitajika ni zilezile zinazofundishwa katika vyuo vingi vya ufundi: umeme, uchomeleaji na ukarabati wa mitambo. Mzazi anayefikiri kwamba mgodi huajiri wanajiolojia na wabeba mawe tu anamnyima mwanawe fursa. Tena, wakati wa ujenzi mgodi huhitaji watu wengi kwa muda mfupi. Uzalishaji ukianza, huhitaji wachache wenye ujuzi kwa miaka mingi. Anayesubiri tangazo ndipo aanze kusoma atakuwa amechelewa.

Njia nyingine ni jiko la mgodi. Mamia ya watu hula humo kila siku, na mahindi, maharage na mboga ni mazao ambayo mkulima wa Mbozi anayafahamu vizuri. Kanuni za mwaka 2018 zinawapa wauzaji wa Kitanzania kipaumbele, na kampuni ya kigeni inayotaka kuuza bidhaa au huduma mgodini hutakiwa kuunda ubia na kampuni ya Kitanzania yenye hisa zisizopungua asilimia 20. Lakini mnunuzi wa aina hii hanunui kama dalali wa gulioni. Anataka kiasi kilekile na ubora uleule kila wiki, usajili, namba ya mlipakodi na risiti, na huenda akalipa siku nyingi baada ya kupokea mzigo. Mkulima mmojammoja hawezi kustahimili hali hiyo. Kikundi au chama cha ushirika kinaweza. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza kukisaidia kikundi kilichosajiliwa kuziba pengo la kusubiri malipo.

Nafasi ya kazi mgodini haiuzwi. Anayedai "pesa ya fomu" au "pesa ya kumwona bosi" aripotiwe polisi au kwa Mtendaji wa Kijiji. Watafuta kazi wanaweza kujiandikisha kwa Kitengo cha Huduma za Ajira (TaESU), wakiwa na kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA na vyeti vyao. Maswali kuhusu kanuni za ushirikishwaji hupokelewa katika Ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Songwe. Vikundi vinavyohitaji usajili au mkopo vianzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.